Fingo si hirizi: kisa cha vitabu vinne ndani ya mfuko wa shehena

## Usuli

Kundi lilikuwa la watu watano, msimamizi mmoja na wachezaji wanne. Walikuwa wakicheza Dungeons & Dragons kwa kanuni za mwaka 2014, mchezo wa mezani wa hadithi na dadu ambamo kila mchezaji huongoza mhusika mmoja na msimamizi huendesha ulimwengu na kuamua kanuni, kikao kimoja kwa wiki, saa tatu hivi kila kikao. Majina ya watu, mahali na hadithi yenyewe vimeondolewa au kubadilishwa. Kanuni, hesabu na mfuatano wa matukio vimeachwa vilivyokuwa. Wahusika wote walikuwa wa ngazi ya 9, ngazi ikiwa kipimo cha uwezo wa mhusika: mchawi, mpiganaji, mwizi na kasisi.

Uchawi uliozua mzozo huitwa Glyph of Warding. Hapa tutauita fingo, kwa kuwa Kiswahili kinalo neno tayari la kitu cha namna hiyo: dawa inayozikwa au kufichwa mahali ili ipalinde mahali hapo. Dawa ya kutembea nayo ina jina lake, hirizi. Kisa kizima kinasimama juu ya tofauti ya maneno hayo mawili.

Kabla ya kuhukumu chochote ni lazima masharti ya fingo yawekwe mezani yote. Ni uchawi wa daraja la 3, daraja likiwa kipimo cha nguvu za uchawi wenyewe, si ngazi ya mhusika. Kuufanya huchukua saa 1 nzima, mchawi akiwa anagusa kile anachokiandika, na huteketeza uvumba na unga wa almasi wenye thamani isiyopungua sarafu 200 za dhahabu. Mchawi huchagua ama kuandika juu ya uso wa kitu, mfano meza au kipande cha sakafu au ukuta, ama kuandika ndani ya kitu kinachofungika, mfano kitabu au sanduku. Akichagua uso, maandishi hayazidi kipenyo cha futi 10. Akichagua kitu, kitu hicho sharti kibaki mahali pake. Kikisogezwa zaidi ya futi 10 kutoka pale alipofanyia uchawi, fingo huvunjika na kuisha bila kufyatuka. Lisiposogezwa wala kufyatuliwa, hukaa hata miaka.

Ndani ya fingo huwekwa ama mlipuko wa dadu 5 za nyuso 8 unaoenea futi 20 kila upande, ama uchawi mwingine uliotayarishwa, wa daraja lisilozidi nafasi iliyotumika kuandika fingo (nafasi ni akiba ya mchawi, kila moja ina daraja lake na hutumika kwa uchawi mmoja mpaka apumzike), mradi uwe unalenga kiumbe kimoja au eneo. Likifyatuka, uchawi huo humwangukia aliyelifyatua. Halafu kuna sentensi moja yenye uzito mkubwa: kama uchawi uliowekwa ni wa kuhitaji umakini, utadumu muda wake wote. Kwa kawaida mchawi hushikilia uchawi mmoja tu wa umakini kwa wakati mmoja, na akijeruhiwa huenda ukamponyoka. Ndani ya fingo sharti hilo halipo.

Kitu cha pili ni mfuko uitwao Bag of Holding, hapa mfuko wa shehena. Kwa nje una mdomo wa futi 2 na kina cha futi 4, na uzito wake ni ratili 15 daima. Kwa ndani hubeba hadi ratili 500 na futi za ujazo 64. Kutoa kitu humo hugharimu tendo moja la mhusika. Kiumbe kinachopumua kikiingia humo kina hewa ya dakika 10, zikigawanywa kwa idadi ya walioingia.

## Kilichotokea

Wahusika walikuwa na siku mbili za mapumziko kabla ya kuingia katika ngome ya majitu ya moto. Mchezaji wa mchawi alikuja na mpango ulioandikwa. Angenunua vitabu vinne vitupu, aviweke ndani ya mfuko wa shehena, akae mezani katika nyumba ya wageni na mfuko juu ya magoti, aingize mkono hadi begani, na kuandika fingo ndani ya kila kitabu. Katika kila fingo angeweka uchawi wa Haste, yaani Kasi: mwendo mara mbili, nyongeza ya 2 kwenye ulinzi, kurusha dadu mbili na kuchukua kubwa anapokwepa, na tendo la ziada kila zamu, kwa dakika 1, ambayo ni raundi 10.

Hesabu yake ya nafasi ilikuwa sahihi, na inafaa kuifuata kwa sababu wengi huikosea. Kila fingo lenye uchawi ndani hula nafasi mbili, moja ya fingo lenyewe na moja ya uchawi unaowekwa. Mchawi wa ngazi ya 9 ana nafasi 3 za daraja la 3, 3 za daraja la 4 na 1 ya daraja la 5. Mafingo matatu ya kwanza aliyaandika kwa nafasi za daraja la 4, na Kasi tatu akazifanya kwa nafasi za daraja la 3. Akapumzika saa 1, akarudishiwa nafasi zenye jumla ya daraja 5 kama kanuni ya wachawi inavyoruhusu mara moja kwa siku, akachukua moja ya daraja la 4 na moja ya daraja la 1. Fingo la nne likala nafasi ya daraja la 5, Kasi yake ile ya daraja la 4 iliyorudi. Saa 4 za kuandika, saa 1 ya mapumziko, sarafu 800. Kisha usingizi wa saa 8, na asubuhi nafasi zote zimejaa upya. Siku ya pili angerudia yote.

Msimamizi aliuliza swali moja tu: mtakapotembea na mfuko, vitabu si vitakuwa vimesogea zaidi ya futi 10? Jibu lilikuwa tayari. Ndani ya mfuko ni pengine kabisa, nje ya ulimwengu huu. Mfuko ukitembea, kinachotembea ni mdomo wake; kitabu kimelala palepale kilipoandikwa. Na kukitoa nje si tatizo, kwa kuwa kina cha mfuko ni futi 4.

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini kikao kiishe. Msimamizi akakubali bila kuongeza neno.

Kikao kilichofuata wahusika walisimama nyuma ya mlango wa ukumbi. Kila mmoja akatoa kitabu chake, akakifungua, Kasi ikamshika. Ndani walimkuta jitu mmoja wa moto, pointi 162 za uhai, na mbwa wawili wa moto wenye pointi 45 kila mmoja. Jitu lilianguka mwisho wa raundi ya 3. Mbwa mmoja alikufa, mwingine akakimbilia korido, na wahusika wakamfukuza. Katika raundi ya 9 waliingia chumba chenye mbwa wengine wanne. Raundi iliyofuata Kasi ikawaishia wote, karibu kwa pamoja. Uchawi huu una mkia: unapoisha, aliyekuwa nao hawezi kusogea wala kutenda lolote mpaka zamu yake inayofuata ipite. Wahusika wanne wakasimama kama magogo mbele ya mbwa wanne wanaotema moto wa dadu 6 za nyuso 6. Kasisi na mwizi walianguka hadi pointi 0. Mpiganaji aliwaokoa kwa taabu.

Mchezaji wa mchawi alisema waziwazi kwamba mbwa wale wanne walikuwa adhabu. Msimamizi alikana. Kikao kikaisha kwa ukimya.

Katika siku saba zilizofuata maombi mapya yalimiminika. Mchezaji wa mwizi alitaka vitabu vitano vya milipuko ndani ya mfuko, ili aupindue mfuko juu ya adui na kila kitabu kifyatuke kinapofunguka. Mchezaji wa mpiganaji alikuwa amesoma kanuni kwa jicho kali zaidi: sharti la kutosogea limo katika sentensi inayohusu kitu, halimo katika sentensi inayohusu uso. Basi fingo na liandikwe juu ya uso wa ngao yake. Wakati huo mchawi alikuwa tayari ana vitabu vingine vinne vya Kasi, vya siku ya pili.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, ule wa dakika ishirini za mwisho, ulifanywa kwa sababu mbili ambazo msimamizi alizieleza baadaye: mchezaji alikuwa amejiandaa vizuri, na hoja yake haikuwa na jibu la papo hapo. Zote mbili ni sababu za kiutu, wala hakuna ubaya wa kumheshimu mchezaji aliyefanya kazi. Lakini kukosa jibu la haraka hakumaanishi kwamba hoja ni sahihi.

Uamuzi wa pili ulikuwa bora zaidi. Baada ya pambano, msimamizi hakugusa lililokwisha kutokea. Jitu lilibaki limekufa, majeraha yakabaki majeraha. Aliwaandikia wachezaji wote kwamba matumizi ya vitabu yamesimama mpaka kanuni isomwe pamoja, na akawapelekea usomaji wa aina tatu unaowezekana ili kila mtu aje ameufikiria.

Usomaji wa kwanza ni wa mchezaji wa mchawi: umbali hupimwa ndani ya mfuko, kwa hiyo kitabu hakijasogea kamwe. Wa pili: umbali hupimwa kutoka alipokuwa mchawi wakati wa kufanya uchawi. Wa tatu ulipendekezwa na mchezaji wa kasisi kama njia ya kati: fingo hubaki zima maadamu kitabu kimo mfukoni, ila huvunjika kikitolewa nje, kwa sababu kutoka mfukoni ni kuvuka kutoka pahali pengine hadi pengine.

Wa tatu ulivutia wengi kwa kuwa ulionekana wa haki kwa pande zote, na ndio uliochukua muda mrefu kuliko yote. Ulikataliwa baada ya mchezaji wa mwizi kuonyesha kwamba mtu anaweza kuingiza mkono na kufungua kitabu kikiwa mulemule ndani. Aliyefyatua ni mwenye mkono, na Kasi itamwangukia yeye. Njia ya kati isingeziba chochote, ingebadilisha tu jinsi ya kushika kitabu.

Waliouchagua ni wa pili, na hoja iliyoamua ilitoka katika maneno yenyewe. Kanuni haisemi “kutoka kitabu kilipokuwa”. Inasema kutoka pale ulipofanyia uchawi, na anayeambiwa hivyo ni mchawi. Mchawi alikuwa ameketi kwenye kiti, katika nyumba ya wageni, kichwa na miguu vyote viko nje ya mfuko. Kilichoingia ni mkono. Basi kipimo kinaanzia kwenye kile kiti. Kitabu kilipofika mlango wa ngome kilikuwa mbali mno na kiti hicho, na kama kikihesabiwa kuwa kiko nje ya ulimwengu, basi kiko mbali zaidi.

Mchezaji wa mchawi alijibu kwa swali zuri: je, akiingia mwenyewe mfukoni akaandikia humo? Jibu lipo kwenye saa. Fingo ni saa 1. Hewa ya mtu mmoja mfukoni ni dakika 10. Hata akizuia pumzi, kanuni humpa dakika 1 pamoja na nyongeza ya ustahimilivu wake. Kundi halikuwa na mhusika asiyepumua, kwa hiyo mlango huo ulifungwa bila kuhitaji hukumu mpya.

Kuhusu ngao, hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu mchezaji wa mpiganaji alikuwa amesoma sawasawa. Katika maandishi ya 2014 sharti la futi 10 limefungwa kweli kwenye kitu, si kwenye uso. Msimamizi hakujifanya kwamba maneno yanasema vingine. Alisema hivi: mifano ya uso iliyotolewa ni meza, sakafu na ukuta, vitu ambavyo havitembei na mtu, na kama uso wa kitu chochote cha kubebeka unaruhusiwa, basi hakuna atakayeandika fingo ndani ya kitabu tena, kwa kuwa angeweza kuandika juu ya jalada lake na kulikwepa sharti. Usomaji unaoifanya sentensi nzima ya kanuni ikose kazi si usomaji wa kushika. Inafaa kujua kwamba toleo lililorekebishwa la mwaka 2024 limeliziba pengo hili: sasa sharti linataja uso au kitu, vyote viwili.

Jambo moja msimamizi alikaribia kulifanya, akazuiwa na kundi. Rasimu yake ya kwanza ilifuta pia ile sentensi ya umakini, kwamba Kasi iliyowekwa kwenye fingo nayo ipotee mchawi akijeruhiwa. Mchezaji wa kasisi alipinga. Sentensi ile si mwanya. Imeandikwa kwa makusudi na kwa uwazi, na mchawi ameilipia kwa nafasi mbili na sarafu 200. Ikaachwa.

## Matokeo

Vitabu vinne vilivyotumika havikurudishwa wala kudaiwa. Vile vinne vilivyobaki vilihesabiwa kuwa havikuwahi kuandikwa, na sarafu 800 zikarudi kama unga wa almasi. Mchawi aliruhusiwa pia kubadilisha uchawi mmoja aliokuwa amejifunza akitegemea mpango huo. Usomaji wa pamoja ulichukua karibu nusu ya kikao.

Mchezaji wa mchawi hakuja kikao kilichofuata. Alirudi baada ya hapo, na mpaka kampeni, yaani hadithi nzima ya vikao vyote, inaisha aliendelea kuamini kwamba usomaji wake wa mfuko ulikuwa na nguvu sawa na ule ulioshinda. Hakuna aliyemlazimisha aamini vingine.

Wiki tano baadaye wahusika walilazimika kuilinda ngome ndogo usiku kucha. Mchawi alitumia ule unga wa almasi kuandika mafingo matatu kwenye vizingiti vya milango, yafyatuke kwa yeyote atakayekanyaga bila kutamka neno la siri. Mawili yalikuwa ya mlipuko. La tatu lilibeba Kasi, likiwa kwenye kizingiti cha ndani ambacho mpiganaji alipaswa kurudi nyuma na kukikanyaga kwa hiari bila kulitamka neno. Lilifanya kazi kama lilivyopangwa, na kila mtu mezani alijua kwa nini lilistahili.

## Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa kukubali. Lilikuwa kukubali bila kusema kukubali huko ni kwa muda gani. Msimamizi akiruhusu jambo jipya kimya kimya, wachezaji hulichukua kama kanuni, na wana haki. Hununua vitu, hujifunza uchawi, hupanga vita juu yake. Kulifuta baadaye ni kama kuwanyang'anya walicholipia. Sentensi moja ingetosha: “Kwa pambano hili nakubali, kabla ya kikao kijacho tutasoma maneno pamoja, na tukiona haifai utarudishiwa dhahabu yako.” Kwa sentensi hiyo pambano lingeenda vilevile, jitu lingekufa vilevile, na hakuna ambaye angeandaa vitabu vinne vingine.

Kosa la pili ni aina ya swali lililoulizwa. Msimamizi aliuliza kama kitabu kimesogea, na swali hilo lilimwingiza katika mjadala wa maumbile ya mfuko ambao hauwezi kushindwa na yeyote, kwa sababu kitabu cha kanuni hakielezi vipimo vya ndani ya pahali pasipo ulimwenguni. Swali lililofaa lilikuwa: sharti la kutosogea lina kazi gani katika uchawi huu, na litabaki na kazi gani tukikubali hoja hii?

Tazama bei ya fingo. Ina sehemu tatu: saa 1, sarafu 200, na kukaa mahali pamoja. Mhusika wa ngazi ya 5 anayeanza kupata uchawi wa daraja la 3 huumizwa na zote tatu. Wa ngazi ya 9 ana dhahabu ya kutosha na siku za mapumziko, kwa hiyo mbili za kwanza zimekwisha makali. Inayobaki kumdhibiti ni ya tatu peke yake. Ukiiondoa, unapata kitu ambacho hakuna uchawi wa daraja la 3 unaokaribia kukitoa: watu wanne wenye Kasi kwa pamoja, bila yeyote kushikilia umakini, bila adui kuweza kuuvunja kwa kumpiga mchawi, na mchawi akiwa na nafasi zake zote asubuhi. Kwa njia ya kawaida, Kasi nne zingehitaji wachawi wanne.

Kuna ushahidi mwingine katika kanuni zilezile ambao haukutajwa mezani, na ungeokoa muda. Uko uchawi uitwao Demiplane, unaomfungulia mchawi chumba cha futi 30 kila upande nje ya ulimwengu, ambacho anaweza kukirudia. Mafingo yakiandikwa humo hayahitaji kusogea kamwe. Mchawi ndiye anayeyafuata popote alipo. Hicho ndicho hasa kilichotafutwa kwenye mfuko wa shehena. Lakini uchawi huo ni wa daraja la 8, na mchawi haufikii kabla ya ngazi ya 15. Njia fupi inapokupa katika ngazi ya 9 kile ambacho kanuni zimekiweka ngazi ya 15, hapo pana haja ya kusimama na kusoma tena, neno kwa neno.

Hata hivyo hoja ya bei haipaswi kutangulia maneno. Wasimamizi wengi hukimbilia kusema “hii ina nguvu mno” kabla ya kufungua kitabu, na mchezaji husikia kwamba kosa lake ni kuwa hodari. Hapa mpangilio ulikuwa sahihi: kwanza maneno, ambayo kwa mfuko yalitosha yenyewe, kisha, pale maneno yalipoacha pengo kweli, kama kwenye ngao, ndipo bei na mifano vikaingia. Na pengo lilipokuwepo, msimamizi alilikiri. Kukiri huko kulimfanya mchezaji wa mpiganaji aikubali hukumu siku ileile, ilhali mwenzake mwenye mfuko, ambaye mwanzoni aliambiwa ndiyo, aliumia.

Ile sentensi ya umakini inafundisha upande wa pili. Mwanya ni mahali ambapo maneno yameacha kusema, na mchezaji anajaza kimya kwa faida yake. Faida iliyoandikwa waziwazi si mwanya hata ikionekana kubwa. Msimamizi aliyekwisha choshwa na mianya huanza kuiona kila mahali, akakata na mbao zilizo nzima. Kundi hili lilimwokoa kwa kuwa lilisoma pamoja naye. Peke yake angekata.

Kuhusu mbwa wanne: walikuwa kwenye daftari la maandalizi tangu wiki mbili kabla ya mpango wa vitabu, na ukurasa ulikuwa na tarehe. Msimamizi aliuonyesha wiki moja baadaye. Angeuonyesha usiku uleule, pambano likiwa limekwisha na chumba kile hakina siri tena, tuhuma ingekufa hapo. Inastahili pia kusemwa kwamba kilichowaangusha wahusika ni mkia wa Kasi wenyewe. Kasi nne zikianza raundi moja huisha raundi moja. Anayetaka kuzitumia kihalali, kwa mfano kwenye kizingiti, azipishe: wawili waanze, wawili wafuate raundi tatu baadaye, ili asikose mtu wa kusimama wakati wengine wamegandishwa.

Usomaji wa njia ya kati nao una somo lake. Kabla ya kupitisha kanuni yoyote ya meza, mpe mchezaji mjanja kuliko wote dakika tano za kujaribu kuivunja, hapo hapo, mbele ya wote. Mchezaji wa mwizi alihitaji hata pungufu ya hizo. Kazi hiyo ikifanywa wazi haiwi ujanja, ni huduma kwa meza.

Lilibaki swali moja gumu, na lilitoka kwa mchezaji wa mchawi mwenyewe aliporudi. Kama kipimo ni mahali mchawi alipokaa, vipi merikebu? Fingo likiandikwa kwenye sanduku ndani ya chumba cha nahodha, chombo king'oe nanga, sanduku litakuwa limeondoka futi 10 kabla hata tanga halijajaa. Wakati huohuo ni dhahiri kwamba chumba cha nahodha ni mahali pa kulindwa kama chumba kingine chochote. Kundi liliamua kwamba chombo ambacho watu huishi na kutembea ndani yake, chenye sakafu na kuta zake, ni mahali, na umbali hupimwa humo. Kitu kinachobebwa na mtu au mnyama, ukubwa wowote, si mahali. Mfuko wa shehena huangukia upande wa pili kwa sababu hubebwa, na kwa sababu hakuna anayeweza kukaa humo kwa muda ambao uchawi wenyewe unautaka. Uamuzi uliandikwa kwenye ukurasa wa kanuni za meza pamoja na sababu yake. Fingo la kwanza chini ya kanuni hiyo liliwekwa kwenye sanduku la ramani la nahodha, na lilifyatuka siku ya tatu ya safari, bandari lilikoandikiwa ikiwa haionekani tena.